Kuosha Uso wa Shamba

Sisi watu wa Kom Shalabi hatumpokei mkwe kwenye shamba lenye weupe. Ukisikia kwamba fulani anakuja Jumapili kumposea mwanawe, basi tangu Ijumaa unalifungulia shamba maji matamu ya mfereji, unaliacha linywe mpaka lishibe na chumvi izame chini, kisha unamwaga juu yake mchanga wa vilima vya pwani na kuusawazisha kwa reki. Tunaita kuosha uso wa shamba. Mgeni anakuja, anachota udongo kidogo kwa vidole viwili, anauonja kwa ncha ya ulimi, anasema mashaallah. Baada ya wiki mbili chumvi inapanda tena na shamba linarudia weupe wake. Lakini hapo Fatiha ya posa imeshasomwa, na nani atarudi kuonja?

Mutawalli aliosha shamba lake mwezi wa pili, bintiye Shaimaa alipopata mchumba. Shamba lenyewe ni fedani moja na nusu, kama ekari moja na nusu hivi, la mwisho kabisa kabla ya vilima vya mchanga, na nyuma ya vilima ni bahari. Maji ya Nili yanapofika huko ni mabaki tu ya waliotangulia. Mwaka wa tatu huo nyanya zake zilikuwa zikitoa majani ya njano, na mipera ilikuwa imekauka kuanzia juu.

Shaimaa alikuwa na miaka ishirini na sita, na posa mbili zilikuwa zimeshavunjika. Ile ya pili, mama wa kijana alisema wazi sokoni kwamba yeye haposi kwenye shamba la chumvi, maana kesho baba mtu atakuja na mkeka wake kwapani kulala mlangoni kwa mkwewe. Maneno hayo yalifika kwa Mutawalli kabla yule mama hajafika kwake. Kwa muda wa mwezi mzima Mutawalli alikuwa anasali nyumbani, haendi msikitini.

Basi safari hii akaapa kwamba haitavunjika. Zamu ya maji ya wiki ile ilikuwa ya jirani yake, Abdulghaffar, ikabidi aende kumwomba pale kwenye mkahawa. Abdulghaffar alimwacha aombe mara mbili mbele ya watu, akijifanya hasikii vizuri, halafu akauliza kwa sauti, "Unataka maji ya kunywesha nyanya au ya kunywesha wakwe?" Watu wakacheka. Mutawalli naye akacheka, maana angefanya nini. Maji akapewa.

Haji Basyuni alikuja Jumapili kutoka Izbat Namuri, ng'ambo ya ziwa, akiwa na mdogo wake Mzee Sayyid na mwanawe Ragab, fundi wa samani mjini Damiata. Haji alikuwa mtu mfupi, mzito wa maneno, mikono yake ya mkulima imepasuka hasa. Mke wa Mutawalli, Nabawiya, alichinja bata wawili, akawapikia na mlenda na wali. Shaimaa alileta chai, akaiweka bila kutetemeka, na Ragab akaiangalia chai kana kwamba haijapata kutokea chai nyingine duniani.

Baada ya chakula Haji alisema anataka kunyoosha miguu. Kila mtu alijua maana yake. Wanaume wakatoka mpaka shambani, Haji akainama, akachota, akaonja. Alikaa na ule udongo mdomoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi.

"Mashaallah, Baba Shaimaa," akasema. "Mungu akubarikie."

Wakasoma Fatiha palepale ukingoni mwa shamba, wameshikana mikono. Ndoa ikapangwa Alhamisi ya mwanzo wa mwezi wa nne, Ragab atakapopata likizo kwa tajiri yake. Mutawalli alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Mzee Sayyid alilala pale, ili kesho yake waelewane juu ya vyombo vya bi harusi, na hiyo kesho yake ndiyo siku waliyokuja watu wa mpango.

Habari za mpango tulikuwa tumezisikia tangu kiangazi. Mkoa ulikuwa unachora upya ramani yake ya ardhi kwa sababu bahari inapanda na chumvi inatambaa chini kwa chini: mashamba gani yaendelee kulimwa, yapi yawe mabwawa ya samaki, yapi yaachwe kupisha tuta la kuzuia bahari. Kijani, njano, nyekundu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kila rangi inakuja na nini, na sisi tunaijua serikali inaposhika kalamu nyekundu, nyuma yake lipo tingatinga. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anaomba Mungu apate kijani.

Aliyekuja kupima alikuwa dada mmoja, Injinia Ghada, kavaa viatu vya mpira na kofia ya majani. Alichomeka chuma chake shambani kwa Mutawalli mahali patano, na kila alipokisoma kipimo alikunja uso. Mashamba yote ya mstari ule yalisoma chumvi juu kabisa. Hili, ambalo ni la mwisho na liko karibu na bahari kuliko yote, lilisoma chini. Akamgeukia mwenyewe.

"Mzee wangu, hili shamba hamjaliosha siku hizi?"

Mzee Sayyid alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, ameshika bilauri ya chai.

"Abadani," Mutawalli akasema. "Ardhi hii ni tamu tangu kwa babu yangu."

Dada yule akamwangalia kidogo, akaandika, akampa kalamu atie sahihi. Mutawalli akatia, na akaitia kwa mbwembwe, kwa kuwa shahidi wake alikuwa serikali na mkwe alikuwa akisikia.

*

Majina yalibandikwa wiki ya tatu ya mwezi wa tatu kwenye mlango wa ofisi ya ushirika, hapohapo tunapochukulia mbolea sisi na watu wa Namuri na vijiji vingine vitatu. Kando yake ilitundikwa ramani. Mstari wote wa pwani ulikuwa mwekundu, isipokuwa kipande kimoja cha kijani, kidogo, peke yake. Watu walimpigia Mutawalli makofi. Kuna waliomkumbatia kwa kijicho cha kweli.

Aliyemweleza maana ya rangi ni Abdulghaffar, na alimweleza polepole, kama mtu anayekula tunda zuri. Wa nyekundu wanahamishwa kusini, nyuma ya barabara kuu. Kila mmoja anapewa shamba la ukubwa uleule, kwenye mfereji mpya, na nyumba ya vyumba viwili vya matofali. Wa njano wanasaidiwa kuchimba mabwawa. Wa kijani haruhusiwi kuchimba bwawa, haruhusiwi kuongeza hata chumba, wala hahamishwi popote, kwa kuwa shamba lake ni zima na mkoa unamtegemea alime.

"Sisi tukishaondoka," Abdulghaffar akamalizia, "zamu zote za maji ni zako, bwana. Ungoje tu bahari nayo ije na zamu yake."

Chini ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo. Mwenye malalamiko aandike ndani ya siku kumi na tano. Kama shamba lilioshwa kabla ya kupimwa, mwenyewe akiri hivyo kwa maandishi, litapimwa tena. Maungamo hayo yatabandikwa mlangoni hapo ili kila mwenye neno aseme. Mwisho ni Jumanne, saa nane mchana. Mutawalli alihesabu kwa vidole. Jumanne hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya ndoa.

Nyumbani alimkuta Nabawiya ameinama shambani anakwangua kwa jembe la mkono. Weupe ulikuwa umesharudi zamani, umefunika mchanga wote na kuchafua pindo la gauni lake. Alimweleza yote. Mwanamke hakusita hata kidogo.

"Nenda ukaseme."

"Niseme nini?"

"Kwamba uliliosha. Ni neno moja tu."

"Neno lenyewe linabandikwa mlangoni, Mama Shaimaa. Namuri nzima inapita pale kuchukua mbolea."

"Haji mwenyewe lake ni jekundu. Limeandikwa palepale kwa jina lake."

"Haji ana wana watano wa kiume. Mwenye wana wa kiume chumvi haimwaibishi. Halafu yeye hakumdanganya mtu. Mimi nilimshika mkono nikasoma naye Fatiha, na mchanga wangu bado uko mdomoni mwake."

"Mficha uchi hazai, Baba Shaimaa."

"Mimi nimeshazaa," akasema. "Na huyo niliyemzaa ndiye ninayemsitiri."

Hawakujua kwamba Shaimaa yuko mlangoni na foronya anayoishona. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba baba aende tu akaseme. Ameshavunjiwa mara mbili, ya tatu haitamuua. Kisha akarudi ndani kushona.

Mimi nadhani kilichomfunga Mutawalli mdomo ni maneno hayo. Lau msichana angelia, pengine angekwenda. Lakini alisema kama mtu anayezungumzia jino bovu, mtu aliyezoea, na baba yake aliumia mpaka akashindwa kula siku ile.

Alijaribu njia ya pembeni. Jumapili alikwenda kumtafuta Injinia Ghada pale ushirika. Karani alimweka kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kila aliyeingia karani akimwambia, "Msalimie Mzee wa Kijani." Wengine walimsalimia kweli, wakiinama. Mutawalli aliitikia salamu zote.

Yule dada alipokuja alimchukua pembeni. Mutawalli akamnong'oneza: aje apime tena siku yoyote, kimyakimya, hata leo, ataona mwenyewe.

"Mzee wangu, siku ile mimi nilijua," akasema Ghada. "Lakini siwezi kuandika ninachokijua. Naandika mlichosema na kilichosomwa na kipimo. Nikibadili kipande kimoja bila karatasi, kesho mkoa mzima uko mlangoni kwangu." Akampa fomu. "Hapa. Andika, niliosha shamba. Maneno mawili tu. Wiki ijayo nakuja kupima."

"Lazima ibandikwe?"

"Lazima."

"Hata kama kuna binti?"

Dada yule akakunja kofia yake. "Kila shamba lina binti, mzee wangu," akasema.

Mutawalli akaikunja fomu mara nne, akaitia kifuani ndani ya kanzu, akashukuru.

Kesho yake, Jumatatu, alivuka ziwa kwenda Namuri. Alikuwa amepanga hivi: ndoa ifungwe siku hiyohiyo, yeye aandike Jumanne asubuhi, na maungamo yakibandikwa mtoto ameshaolewa. Ilikuwa akili nzuri, na njiani kote alikuwa anaipitia moyoni kama mtoto anayekariri sura. Haji Basyuni alishangaa. Akaeleza kwamba Ragab yuko Damiata, tajiri yake hampi ruhusa kabla ya Alhamisi, ana seti mbili za samani za chumba cha kulala za kumaliza kuranda. Kuna haraka gani?

Mutawalli akasema basi tu, mtu haijui siku yake ya kufa.

Haji alimtazama. Alikuwa na macho madogo, na alipomtazama mtu alitulia kabisa.

"Kuna jambo, Baba Shaimaa? Sema. Sisi ni ndugu sasa."

Walikuwa wawili tu sebuleni. Fomu ilikuwa kifuani. Mutawalli alifungua mdomo, na wallahi nasema alikuwa anakwenda kusema, maana baadaye alikiri mwenyewe kwamba neno lilikuwa limeshafika kooni. Kisha akaona picha yake mwenyewe ameinama shambani na reki, na mgeni huyu mwenye mvi anaonja.

"Hakuna, Haji," akasema. "Ni furaha tu."

Haji akangoja kidogo. Halafu akamwongezea chai.

Jumanne Mutawalli alifika ushirika saa sita. Alikuwa ameshaijaza fomu usiku, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Akakaa kwenye benchi la nje, mkabala na mlango. Watu wa Namuri walikuwa wanapakia mbolea kwenye mkokoteni wa trekta, na mmoja wao, binamu yake Ragab, akaja kumbusu bega na kumwita mkwe, akamuuliza kama wapiga ngoma wameshapatikana. Mutawalli akasema wamepatikana. Walipakia gunia moja moja, bila haraka yoyote, wanataniana. Saa nane kasorobo bado walikuwa wanafunga kamba. Saa nane kamili karani alitoka, akafunga mlango kwa kufuli, akamwambia Mzee wa Kijani kwaheri.

Nabawiya alimwekea chakula, na mwenyewe hakula naye.

*

Ndoa ilifungwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri, kwenye ukumbi wa wageni wa kijiji. Kadhi alikuja kwa wakati, wapiga ngoma walikuja wamechelewa. Shaimaa alipendeza. Na hili nalisema kwa sababu kuna watu husema msichana aliyekaa sana hapendezi. Alipendeza, na Ragab alikuwa anatabasamu mpaka tai ikampinda shingoni. Vigelegele vilipopigwa Mutawalli alilia, na watu wakamsifu kuwa ana moyo wa baba.

Baadaye Haji Basyuni akamvuta wakakaa pamoja ukutani, mbali kidogo na ngoma. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake. Akamwambia yeye anahama baada ya mavuno, shamba jipya ameshaenda kuliona, udongo wake ni mwekundu kidogo lakini maji yake ni ya kutosha. Akauliza Mutawalli amepangiwa kusini upande gani, huenda ikawa bahati wakawa majirani.

"Mimi ni kijani, Haji."

"Najua ulikuwa kijani. Nauliza baada ya kuandika malalamiko."

"Sikuandika."

Haji alidhani ngoma zimemzuia kusikia. Akamsogelea. Mutawalli akarudia.

"Kwa nini hukuandika? Lile shamba umeliosha."

Mutawalli akageuka kuona kama kuna aliyesikia. Akauliza, Haji kajuaje.

"Nilionja, bwana. Juu mchanga, chini chumvi tupu. Ulimi wangu una miaka sitini kwenye ardhi hii. Nilijua nikiwa bado nimeinama."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Nimetoka kula bata wako. Mgeni hamwambii mwenyeji shamba lako chungu." Haji alikuwa anacheka, cheko la mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja analijua. "Nani pwani hii hajaosha? Ningekuwa na binti, lile langu ningeliosha kwa sabuni. Mimi nilikuja kutafuta msichana, Baba Shaimaa. Shamba la chumvi ninalo nyumbani." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona uso wa mwenzake. "Juzi ulipokuja Namuri, nilingoja useme mwenyewe. Ulipokaa kimya nikasema, basi, ameshayamaliza mambo yake."

Mutawalli aliitikia kwa kichwa. Akasema ndiyo, Haji, kheri. Mtu fulani alikuja kuwavuta wote wawili waingie kucheza, na Mutawalli aliingia akacheza, fimbo begani, duru mbili nzima, kama inavyompasa baba wa bi harusi.

Jua lilipokuwa linaelekea kutua, gari la kwenda Damiata liliondoka na Shaimaa. Alimkumbatia mama yake kwanza, kisha baba yake, na alimkumbatia baba kwa muda mrefu, akamwambia sikioni ahsante. Alijua anamshukuru kwa lipi, na Mutawalli naye alijua. Gari lilipita kando ya mashamba ya wenye nyekundu, ambao siku zile walikuwa wameshaacha hata kupalilia, likapotea nyuma ya ghala.

Wageni walipokwisha kuondoka, mume na mke wakakaa kizingitini. Vyombo vilikuwa havijaoshwa na hakuna aliyeinuka.

"Haji alikuwa anakwambia nini pale ukutani?" Nabawiya akauliza. "Nilimwona anacheka."

Angeweza kumdanganya. Alikuwa ameshazoea. Lakini alimwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la sabuni.

"Tangu siku ile ya kwanza?"

"Tangu siku ile."

"Na mwisho wa kuandika ulikuwa juzi."

"Juzi, saa nane."

Nabawiya alivua kitambaa chake cha sherehe, akakikunja vizuri, akakiweka magotini. Mbele yao lilikuwa shamba lao, jeupe tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Kumbe tulikuwa tunamficha nani, Baba Shaimaa?" akauliza.

Mutawalli alifikiri kweli, alipita nyumba moja moja kichwani, ya kijijini na ya ng'ambo, na hakupata jina la kumtajia.